Shaush Iddi Anataka Maoni Yetu

Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa mpaka meno yakaniuma. Mwaka ule Songea nzima ilikuwa inaogopa, na akitokea mtu akakwambia yeye hakuogopa, mwambie Mwanaisha amesema ni mwongo, na kama anabisha aje tuonane uso kwa uso.

Nina haki ya kusema hivyo, maana nilikuwa na kitu cha kuogopea. Nilikuwa na mdogo wangu, Daimu, tumbo moja, baba mmoja. Yeye alikaa Namtumbo, akilima tumbaku na kuichuuza. Vita vya kuwapinga Wadachi vilipoanza akawauzia Wangoni baruti, akaificha ndani ya marobota ya tumbaku. Aliuza, sitakuficha. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka, akacheka, akaniuliza kama nataka ugoro. Vita vilipogeuka, Wadachi wakaanza kuchoma maghala na kukamata watu, Daimu akaingia porini. Pale mjini hakuna aliyejua kuwa ni ndugu yangu, na mimi sikumwambia mtu. Siku hizo ukiwa ndugu wa mwasi, na wewe mwasi. Niliona mama mzima anafungwa mnyororo kwa sababu ya mkwe.

Sasa nikwambie kuhusu mkeka wetu, maana mambo yote yalitokea pale.

Nyumba ya Bi Zabibu ilikuwa chini kidogo ya boma la Wadachi. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa watoto, akamwachia kasha la vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili chetu. Si vya dini tu. Vilikuwamo vya hadithi, na Bi Zabibu alijua kuzisoma, sauti yake nzito, akifika penye kilio analia, akifika penye vita unasogeza miguu usije ukachomwa mkuki. Kila baada ya sala ya alasiri tulikaa ukumbini kwake tukamsikiliza. Akifunga kitabu, zamu inakuwa yetu. Kila mtu anatoa neno lake juu ya alichosikia. Hakuna kusema nzuri ukanyamaza, eti yamekwisha. Nzuri kwa lipi? Mbaya kwa lipi? Asiyetoa neno hanywi togwa, na pale mkekani hakuna mkubwa wala mdogo.

Tulikuwa wanne. Bi Zabibu mwenyewe. Mimi, mjane muuza chumvi. Alfani mshona kanzu, mtu mwema kabisa, ila mdomo wake hauna mlango. Na Kunegunda, jirani yetu, Mkristo wa Maposeni, aliyekimbilia mjini misheni ilipochomwa. Herufi za Kiarabu hazijui, anajua zile za mapadre, lakini masikio Mungu kampa, na togwa ilikuwa yake. Njaa ilikuwa imeshaanza kubisha hodi, togwa yenyewe maji matupu, lakini tulikunywa hivyo hivyo.

Siku ninayoisema tulikuwa tumesikiliza hadithi ya binti wa sonara aliyeozwa kwa mfalme kipofu. Jumba linaungua, mfalme anauliza mbona joto, mke anamwambia ni jua tu, bwana wangu, twende bustanini tukapunge upepo. Anamshika mkono, anamtoa taratibu, mfalme hana habari.

"Huyo ndiye mwanamke," nikasema. "Angemwambia moto, mzee angechachawa, wangekufa wote wawili."

"Mwongo huyo," Alfani akasema, sindano mdomoni. "Mimi ningekuwa mfalme ningempa talaka kabla majivu hayajapoa."

"Talaka! Nani angekubali kuolewa na wewe kwanza, mpaka uipate ya kutoa?"

Kunegunda alikuwa anacheka anajifuta macho. Ndipo mlango ukaingia giza.

Alikuwa Shaush Iddi. Shaush ni mkubwa wa askari kumi na kitu, na huyu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, nguo za kaki zimepigwa pasi. Kiboko chake kilijulikana kuliko jina lake. Ndiye aliyekwenda upande wa Namtumbo na kikosi cha kuchoma maghala. Mkononi alikuwa na bunda la karatasi, na nyuma yake mpagazi kabeba mfuko wa mtama.

"Shikamoo, Bi Zabibu," akasema, kwa adabu kabisa.

"Marahaba, mwanangu." Sauti nzito ya Bi Zabibu ilikuwa imekwenda zake, imebaki ya kuku.

Wallahi, bora angeingia anatukana. Askari akitukana unajua kilichomleta. Huyu alivua viatu, akaviweka sawasawa mlangoni, akakaa kwenye mkeka wetu, akaamuru mfuko wa mtama uwekwe mbele ya Kunegunda. Nilijua mtama ule umetoka wapi. Sote tulijua.

"Nasikia hapa mnakusanyana kila siku," akasema.

Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Watu walikuwa wanapigwa viboko kwa kukusanyana kwenye matanga, sembuse sisi.

"Hadithi tu, Bwana Shaush," Alfani akasema, na sindano ikamdondoka. "Hadithi za kale. Wafalme, majini."

"Najua. Nasikia mnasoma, halafu mnachambua, na hamwoneani haya." Akafungua lile bunda. "Mimi nimetunga hadithi. Askari wenzangu niliowasomea wote wanasema nzuri, Shaush, nzuri. Wananiogopa, wapumbavu wale. Nataka watu wa kuniambia kweli."

Tukatazamana. Mtu ana kiboko, ana bunduki, ana mnyororo, anataka umwambie kweli kuhusu hadithi yake! Kunegunda akafanya ishara ya msalaba, akajifanya anajikuna.

Akasoma. Na kibaya zaidi, hadithi ilikuwa tamu. Ningependa kukwambia ilikuwa takataka, ningefurahi sana, lakini yule mtu alijua kutunga. Alianza na askari shujaa aliyetoka pwani hana kitu, mama yake kamuuza mbuzi wa mwisho ili ampe nauli. Akasimulia njia, mvua, mizigo, siafu usiku. Alfani akasahau hofu, nikamwona anasogea mbele na shingo imenyooka, kama anavyofanya hadithi ikimkolea. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisogea.

Halafu akafika Namtumbo.

"Katika nchi ile," akasoma, "palikuwa na mwasi, mchuuzi wa tumbaku, aliyewapelekea Wangoni baruti ndani ya marobota. Shujaa akamsaka porini asimwone. Ndipo akafikiri: huyu ni mtu wa tumbaku. Majani yake yako bandani, yametundikwa, bila kugeuzwa yataoza. Atarudi tu. Shujaa akajificha nyuma ya banda. Alfajiri mwasi akaja peke yake, akaanza kugeuza majani, moja moja, kwa upole. Na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika."

Sikio lile lilichanwa na mbwa wetu wa nyumbani. Nilikuwa nimembeba Daimu mgongoni, yeye mtoto wa kutambaa, mimi binti mdogo, na mbwa akamrukia kwa nyuma. Nilipigwa siku ile mpaka nikajificha kwenye ghala.

Nikaushika mkeka kwa vidole. Nikajiambia, Mwanaisha, usigeuze uso, usipumue kwa nguvu. Maana nilianza kufikiri, je, mtu huyu kaja kututega? Anasoma hapa, kesho anasoma kwingine, anatazama ni nani atakayelia. Nikainua macho, nikakuta ananitazama. Nikatabasamu, sijui nililitoa wapi tabasamu lile.

"Shujaa akamwambia, umekwisha," akaendelea. "Mwasi akajibu, nisubiri kidogo, nimalize upande huu."

Alfani akacheka kwa sauti. Shaush naye akacheka, amefurahi mzaha wake umefika. Nami nikacheka, kwa sababu ndiye Daimu huyo, hakuna mtu mwingine duniani angejibu hivyo.

"Bandani hapakuwa na baruti. Palikuwa na tumbaku, na pembe moja tupu. Pembe ile yaweza kuwa ya baruti, yaweza kuwa ya ugoro. Shujaa akamfunga mwasi, akampeleka bomani. Siku ya shauri, bwana mkubwa akamwuliza shujaa mbele ya watu: mtu huyu ulimkuta na baruti, au ulimkuta na tumbaku?"

Hapo akazikunja karatasi.

"Mwisho sijauandika," akasema. "Nimekwama. Akisema baruti, ananyongwa. Akisema tumbaku, anaachiwa. Upi mwisho mzuri? Nipeni neno, kila mtu lake. Bi Zabibu?"

Bi Zabibu akasema yeye ni msomaji tu, leo kachoka, wenye maneno ni hawa. Shaush akamgeukia Alfani.

Na Alfani, masikini, kazi yake ile ile. Akiulizwa habari ya hadithi, anasahau yuko wapi na yuko na nani. Hadithi kwake ilikuwa hadithi.

"Baruti," akasema palepale. "Hakuna mjadala. Bwana Shaush, umetupandisha mlima, usituteremshe kwa miguu. Mtu kauza baruti, watu wamekufa, halafu aachiwe hivi hivi? Mimi msikilizaji nitadai haki yangu! Hadithi ya kusameheana haina chumvi. Tena sikiliza, umnyonge huku majani yake yanaoza kule bandani. Nyumbani hakuna wa kuyageuza. Lo! Hapo mtu atalia."

Akapiga goti kwa kiganja, ameridhika. Nilitaka kumrukia nimng'oe ulimi.

"Naona," Shaush akasema, na akaandika kitu pembeni mwa karatasi. "Na wewe mama wa misheni?"

"Mimi ningemwacha aende," Kunegunda akasema chini chini. "Kristo alisamehe."

"Hayo ni ya padre, si ya hadithi. Sitaki mahubiri." Akamgeukia tena Alfani. "Hilo la majani kuoza umelipata vizuri sana, fundi. Mtu mwenyewe ninaye kule bomani, kila siku ananiuliza nani anamgeuzia tumbaku yake."

Alfani akatoa macho. "Mtu yupi?"

"Huyo huyo. Unadhani nimemtunga? Shauri lake kesho asubuhi, na bwana mkubwa ataniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemkamata. Ndiyo maana nimekwama. Nikipata mwisho wa hadithi, nitakuwa nimepata na jibu."

Sijapata kuona mtu akibadilika rangi vile. Alfani aliikodolea macho karatasi, pale pembeni palipoandikwa neno lake. Nilimwelewa. Alitaka kulirudisha neno lake, na hakuweza. Atasema nini? Kwamba mwasi wa karatasi anyongwe, wa kweli aachiwe? Shaush angemwuliza, kumbe wewe unawapenda waasi? Akabaki anashika kanzu aliyokuwa anashona, anaikunja, anaikunjua.

"Haya, muuza chumvi," Shaush akasema. "Nasikia wewe ndiye mkali wao."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kabla ya hapo nilikuwa najaribu tu. Mdogo wangu amewekwa mkononi mwangu kwa mara ya pili katika maisha yake, na silaha niliyonayo ni maoni. Nikilia, tunakufa wawili. Nikimwombea huruma, ataniona Kunegunda wa pili, na ataniuliza huyo mtu ni nani kwako. Njia ilikuwa moja, nimchambue kama tunavyochambua siku zote, bila haya. Nikavuta pumzi, nikawasha hasira yangu, maana hasira ninayo siku zote, haiishi.

"Alfani hajui anachosema," nikasema. "Na wewe, Bwana Shaush, utaniwia radhi, hadithi yako ina kasoro kubwa."

Bi Zabibu akasema, "Astaghfirullah," akashika kifua.

"Mwacheni," Shaush akasema. Alikuwa hatabasamu tena. "Kasoro gani?"

"Shujaa wako hajafanya kitu."

"Hajafanya kitu!"

"Kafanya nini? Kakaa nyuma ya banda. Kamshika mtu mmoja mwenye njaa, hana silaha, mikono imejaa majani. Hata mimi na chumvi yangu kichwani ningemshika huyo. Sasa unataka aseme baruti, mtu anyongwe. Kazi imefanywa na kamba. Shujaa yuko wapi hapo? Mwanzo ulitufanya tumpende, mama kauza mbuzi, mvua, siafu. Halafu mwishoni anasema neno moja, anakwenda kula ugali wake. Mimi ningekuwa mama yake ningedai mbuzi wangu."

Kiboko chake kilikuwa kimelala mkekani kati yetu, nami nilikuwa nakitazama, siwezi kuacha kukitazama.

"Endelea," akasema.

"Akisema tumbaku," nikasema, na nikaisikia sauti yangu inataka kutetemeka, nikaipandisha juu kama ninavyogombana na wateja sokoni, "akisema tumbaku, hapo ana kitu cha kupoteza. Bwana mkubwa anaweza kumkasirikia. Cheo kinaweza kwenda. Wenzake watamnong'ona. Na bado anasema kile alichokiona kwa macho, tumbaku na pembe tupu. Hapo mimi msikilizaji nashika roho yangu, nasema, kumbe huyu ni mwanamume! Kuua watu kila mtu anaua siku hizi. Kumshika mtu shingoni ukamwachia, hiyo ndiyo hadithi."

"Na mwasi?"

"Anakwenda zake. Anavuka Ruvuma, anafika kwa watu asiowajua, wanamwuliza umeponaje. Anawatajia jina la shujaa wako. Kila anapokaa kuvuta tumbaku anamtaja. Ukimnyonga, nani atalisema jina hilo? Maiti?"

Nikavuta kibuyu cha togwa, nikanywa; neno langu nilikuwa nimelitoa.

"Hapo kanishinda," Alfani akadakia, haraka haraka, sauti inapasuka. "Kanishinda kabisa, Bwana Shaush. Nilikosea. Mwisho wangu mbovu. Hauna maana. Ufute!"

Shaush Iddi akageuza karatasi. Halafu akaishika tena kalamu.

"Nitajie tena hilo la kulitaja jina," akasema.

Nikamtajia. Akaandika, midomo inacheza, kama mwanafunzi. Akasimama, akavaa viatu, akatuambia tule ule mtama, tumekonda mno. Mlangoni akageuka. "Muuza chumvi, ungekuwa mwanamume ningekuombea kazi ya ukarani." Akaenda.

Alfani akakimbia uani akatapika. Aliporudi alikuwa analia, anasema nimemuua mtu, jamani, nimemuua mtu kwa mdomo wangu. Bi Zabibu akamwambia anyamaze, amesharudisha neno lake, na Shaush kaandika la Mwanaisha. Kunegunda alikuwa ananitazama mikono. Nilikuwa nimeng'oa ukili wa mkeka wa Bi Zabibu, na ncha za vidole zilikuwa zinatoka damu.

"Unamjua mtu yule, Mwanaisha?" akaniuliza tulipotoka.

"Simjui. Kwa nini nimjue?"

"Basi," akasema.

Nitakwambia kweli, jioni ile nilifurahi. Niliona alivyoandika. Mtunzi akilipenda neno lako utamjua tu, uso unamfunguka, na uso wa yule mtu ulifunguka. Nilichekelea peke yangu jikoni. Nikafikiria jinsi nitakavyomgombeza Daimu tukionana, mtu mzima unajitoa porini kwa ajili ya majani!

Asubuhi tarumbeta la boma likalia, askari wakapita nyumba kwa nyumba wanatutoa. Kila mtu uwanjani, wazee, wagonjwa, wenye watoto mgongoni. Nilitembea najiambia labda wanataka wapagazi. Labda kuna tangazo. Tulipofika nikaona mti wa kunyongea, na kamba.

Wakamleta. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikuwa bado ya rangi ile ya tumbaku, haikuwa imetoka. Mkalimani akapaza sauti: Daimu wa Namtumbo, amekutwa na baruti, askari aliyemkamata ameshuhudia.

Ameshuhudia. Nililisikia neno hilo nikataka kupiga yowe, na yowe likafika mpaka hapa kooni. Askari walikuwa wanapita katikati yetu polepole, wanatazama nyuso. Walikuwa wanatafuta ndugu. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga kelele uwanjani pale juma lililotangulia, na hatukumwona tena.

Daimu akawa anatazama watu, anawapitia mstari kwa mstari. Akafika kwangu. Macho yake yakasimama kidogo tu, halafu yakapita, yakaenda kwa mtu aliyesimama karibu nami, na anayefuata, kama hanijui. Hakunitazama tena. Alinikana ili nipone. Na mimi nikamkana, nikasimama pale na macho makavu, naogopa. Kunegunda akanishika mkono akaanza kulia yeye, kwa sauti, Yesu na Maria, Yesu na Maria. Askari akamtazama, akapita. Walikuwa wamezoea watu wa misheni kulilia kila mtu. Alilia mpaka mwisho, alinililia mimi, na ninamshukuru mpaka leo.

Siku ya pili alasiri tulikaa mkekani, kwa sababu tuliogopa kutokukaa. Shaush angeuliza kwa nini. Hakuna aliyefungua kitabu. Mfuko wa mtama ulikuwa pale pembeni, haujaguswa.

Akaja. Akavua viatu, akaviweka sawasawa.

"Nimemaliza," akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Sijalala."

Akatutazama, akaelewa, akapunga mkono.

"Ah, mambo ya bomani! Kule ni kazi. Ningesema tumbaku mbele ya bwana mkubwa, leo ningekuwa nabeba mizigo. Lakini hadithi ni yangu mwenyewe, na nyinyi mlisema kweli. Mwisho ule ndio mtamu. Sikilizeni."

Akasoma. Bwana mkubwa akauliza, na shujaa akajibu, tumbaku, bwana, na pembe tupu. Watu uwanjani wakashusha pumzi. Mwasi akafunguliwa kamba. Hakusema asante, akauliza kwanza kama mvua imenyesha Namtumbo. Akatembea kutwa kucha, akafika bandani kwake, akayashusha majani yake yaliyo mazima, akayafunga robota moja, akaliweka kichwani. Akashuka mpaka Ruvuma. Maji yalikuwa yamepungua, yakamfika kiunoni. Akavuka polepole, anapapasa mawe kwa miguu, mkono mmoja umeshika mzigo. Ng'ambo akautua, akageuka, akatazama nchi aliyoiacha, akajishika sikio lake lililochanika, akacheka. Kisha akaenda zake.

Sijui alijuaje. Daimu akicheka alikuwa anajishika sikio. Kumbe alimtazama vizuri.

"Fundi?" Shaush akasema.

"Nzuri," Alfani akasema, na macho yake yako chini. "Nzuri sana, Bwana Shaush." Hakuulizwa zaidi.

Bi Zabibu akasema nzuri. Kunegunda akatikisa kichwa kukubali, midomo ameibana.

"Na wewe, muuza chumvi? Mwisho huu ni wako. Useme."

Kalamu alikuwa nayo mkononi, ananisubiri. Niliogopa kufungua mdomo, maana sikujua kitakachotoka, jina lake au yowe lile la uwanjani lililokuwa bado limekaa kooni. Kiboko kilikuwa mkekani, mahali pale pale.

"Rudia pale anapovuka," nikasema.

Loo, alivyofurahi! Alijivuta akakaa vizuri, akatafuta mahali kwa kidole, akasoma tena, safari hii taratibu zaidi. Maji yakamfika kiunoni. Akapapasa mawe kwa miguu. Akafika ng'ambo, akautua mzigo wake, akacheka, akaenda zake.

Alipomaliza aliinua macho, akangoja neno langu.

"Tena," nikasema.